Kutembelea Nyumba ya Dante, Florence: Nyumba Si Yake, na Kaburi Halina Mtu

Kiangazi kikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Nyumba ya Dante iko wapi hasa? Ni kweli alilala kwenye kile kitanda? Nimeingia, dakika ishirini nimemaliza, au nimepunjwa? Wanaouliza ni masista na mafrateri wanaosoma Roma, wanafunzi wa vyuo vya Bologna na Perugia, na ndugu zetu wanaokuja kutembea kutoka Dar na Nairobi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Jambo la kwanza ulijue kabla hujatoa hata senti: nyumba ile siyo aliyozaliwa Dante Alighieri, mshairi wa Italia wa karne ya 13 na 14. Ilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, ikakamilika 1911, kwa sura ya kizamani, kwenye mtaa ambao ukoo wake ulikaa. Na lile kaburi kubwa lenye jina lake ndani ya kanisa la Santa Croce halina mtu. Mifupa iko Ravenna, ng'ambo ya milima ya Apennini, kwa sababu Florence ilimfukuza mwaka 1302 na hakurudi tena. Ukilijua hilo mapema, kila kitu utakachokiona kitakaa mahali pake. Usipolijua, utatoka mlangoni ukinung'unika kama wengine wote.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi au Rwanda anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kama tayari una kibali cha kuishi cha nchi nyingine ya Schengen, hicho na pasipoti vinatosha kwa matembezi.

Viatu vya kutembelea. Florence ya kale imesakafiwa kwa mawe makubwa, na kisigino chembamba hakifiki mbali.

Kanga au mtandio mwepesi, uukunje ndani ya begi. Makanisani huingii mabega na magoti yakiwa wazi, na utaingia makanisani sana siku hiyo. Wenzako watanunua vitambaa vya karatasi mlangoni. Wewe utajitanda kanga yako.

Sarafu chache za euro 1, chupa ndogo ya maji, na begi dogo. Masanduku yaache hotelini au stesheni kwenye sehemu ya kuhifadhi mizigo.

Na jina la mji kwa Kiitaliano. Kwenye tiketi na vibao hakuna Florence, kuna Firenze. Nimeshampokea mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake kwa sababu alikuwa akitafuta neno lisilokuwepo.

Hatua kwa hatua

1. Soma nyimbo chache kabla ya kuondoka nyumbani.

Usijaribu kumaliza shairi lote la Dante, Divina Commedia, safari yake ya Motoni, Toharani na Peponi. Lina nyimbo 100 na mishororo 14,233, na mimi mwenyewe ilinichukua miaka miwili kufika Peponi. Soma tatu tu: wimbo wa 1 wa Motoni, ambapo amepotea msituni, wimbo wa 21 wa Motoni, ambapo wala rushwa wanachemshwa kwenye lami, na wimbo wa 17 wa Peponi, ambao utauhitaji utakapofika hatua ya 7. Kati ya Motoni na Peponi kuna Toharani, na wale waliofundishwa katekisimu watajikuta nyumbani.

Msomaji wa Kiswahili ana faida yake hapa, kwa sababu vina na mizani si vitu vigeni kwake. Ubeti wa Dante una mishororo mitatu, kila mshororo mizani 11. Kina cha mshororo wa kati ndicho kinachofungua na kufunga ubeti unaofuata, kwa hiyo beti zinashikana mikono kama mnyororo. Kwenye utenzi, kina cha mwisho ndicho kinachotembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa Dante, kina hutembea hatua mbili kisha hukabidhi kwa mwenzake. Soma kwa sauti, hata kama Kiitaliano hukijui, utausikia.

Muislamu ajue mapema mambo mawili. Kwenye wimbo wa 4 wa Motoni atawakuta Salahuddin, Ibn Sina na Ibn Rushd, wamekaa mahali pa heshima pasipo na mateso, pamoja na wakubwa wa Ugiriki na Roma. Lakini wimbo wa 28 una maneno juu ya Mtume yatakayomuudhi. Ni mtu wa Ulaya ya karne ya 14 aliyeandika. Kuruka ukurasa si dhambi.

2. Chagua siku, halafu hakikisha saa.

Ratiba ya majira ya baridi ni fupi kuliko ya kiangazi, na kuna siku za kufunga. Angalia tovuti ya makumbusho yenyewe, Museo Casa di Dante, usiku wa kuamkia safari. Mimi mara ya kwanza nilikwenda Jumatatu moja ya baridi bila kuangalia kitu, nikapiga picha na kitasa cha mlango.

ONYO: Usihesabu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ni kweli siku hiyo makumbusho ya serikali huingiwa bure, lakini Nyumba ya Dante haiendeshwi na serikali, inaendeshwa na chama cha watu wa mji. Jumapili hiyo itumie kwenda Bargello, ambayo ni ya serikali na iko karibu hapo hapo.

ONYO lingine, hili letu sisi tu: saa. Tiketi ikisema 14:30, hiyo ni saa nane na nusu mchana. Ukiwa na haraka akili inakimbilia hesabu yetu, na nimemwona mtu mzima akilia stesheni kwa sababu 10:00 aliifanya saa kumi jioni. Andika saa zote kwa Kiswahili kwenye karatasi kabla hujatoka.

3. Fika kwa miguu.

Kutoka stesheni kuu, Santa Maria Novella, ni mwendo wa kama robo saa. Elekea kwenye kuba kubwa la kanisa kuu, lipite, halafu shuka kusini kwenye vichochoro hadi via Santa Margherita namba 1. Usikodi gari. Katikati ya mji kuna eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, kamera zinasoma namba, na faini itakufuata hadi kwa aliyekukodisha.

4. Simama nje kwanza.

Watu wanakimbilia mlango wa tiketi na kuuacha uwanja. Mbele ya nyumba tafuta kwenye sakafu jiwe moja lililochorwa uso wa Dante kwa ubavu: pua ndefu, kofia. Umefifia kwa kukanyagwa. Mwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yako, jiwe likilowa mistari inajitokeza. Watoto hulipenda kuliko makumbusho yenyewe.

Kisha inua macho uone mnara wa mawe jirani, Torre della Castagna. Huo ni wa zamani kweli. Mwaka 1282 viongozi wa mji walioitwa mapriori walikutana humo. Dante naye alikuwa priori kwa miezi miwili mwaka 1300, na mwenyewe hakuficha kwamba balaa lake lote lilianzia hapo.

5. Ingia, lakini usitembee kama uko sokoni.

Tiketi ni nafuu sana ukilinganisha na Uffizi, yale makumbusho makubwa ya picha ya Florence. Jengo lina sakafu kadhaa za kupanda. Ukiwa na mzee au mtoto wa kigari, uliza mapokezi kabla ya kulipa. Makumbusho yalikarabatiwa na kufunguliwa upya 2020, kwa hiyo kuna picha za kuwaka ukutani na sauti nyingi. Hizo zitakuvuta zenyewe. Mimi nakuelekeza kwenye vitu ambavyo wengi huvipita.

Mfano wa vita vya Campaldino. Tarehe 11 Juni 1289 Florence ilipigana na Arezzo, na Dante alikuwemo, kijana wa miaka 24 juu ya farasi. Jipe dakika tano mbele ya wale askari wadogo. Mshairi huyu kabla ya kuiandika Jehanamu alishaona wenzake wakifa vitani.

Sehemu ya wauza dawa. Mtu anajiuliza chupa na mizani ya duka la dawa vinatafuta nini kwa mshairi. Jibu ni siasa. Ili ugombee uongozi ilikupasa kuwa mwanachama wa chama cha ufundi, na Dante akajiandikisha 1295 kwenye chama cha madaktari na wauza dawa. Hakuwahi kumtibu mtu, alitafuta kadi ya uanachama. Sisi tunaujua mchezo huo.

Chumba cha kulala. Kitanda, kasha, mapazia: vyote vimetengenezwa kuonyesha chumba cha wakati ule kilivyokuwa. Hakulala hapo. Ukimsikia mtu akisema "hiki ndicho kitanda chake," mwache apige picha yake.

Na hukumu yake, ndicho kitu cha kukaa nacho. Asili iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali hapo Florence, ndani ya kitabu kinachoitwa Kitabu cha Msumari kwa sababu msumari umechomoza kwenye jalada lake. Januari 1302, chama cha Weusi kilipowashinda Weupe (majina ya vyama vya siasa vya mji, si rangi za ngozi), Dante alihukumiwa kwa kosa la rushwa. Alitakiwa kulipa fiorini ndogo 5,000, sarafu za Florence, kukaa uhamishoni miaka miwili, na asishike cheo tena maisha. Hakurudi kulipa. Tarehe 10 Machi wakaandika hukumu ya pili: akikamatwa, achomwe moto mpaka afe. Sasa kumbuka wimbo wa 21 uliousoma nyumbani, ule wa wala rushwa kwenye lami inayochemka. Mtu aliyepakwa tope la rushwa ndiye aliyeliandika shimo la wala rushwa.

Kwa mwendo huu utamaliza kwa saa moja. Kwa dakika ishirini utakuwa umeona vioo tu.

6. Vuka kichochoro hadi kanisa dogo.

Santa Margherita dei Cerchi liko hatua chache tu. Ni dogo, lina giza, na watu huliita kanisa la Dante. Ukoo wa Portinari, jamaa za Beatrice, mwanamke ambaye Dante alimpenda na kumwimbia, walikuwa na makaburi humo. Utakuta kikapu kimejaa barua: watu wa dunia nzima wanamwandikia Beatrice kuhusu mapenzi yao. Unaweza kuweka yako, kwa Kiswahili pia. Usizisome za wengine.

Kwa ukweli, Beatrice alifariki 1290 akiwa mke wa mtu mwingine, na wengi wanaona uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba alizikwa upande wa ukoo wa mumewe. Dante mwenyewe alimwoa Gemma Donati, akazaa naye watoto, na kwenye shairi lote hakumtaja hata mara moja. Mama mmoja niliyempeleka pale, alipolisikia hilo, aliichana barua yake akaandika nyingine kwa Gemma.

7. Nunua mkate.

Hatua hii sitaki uiruke. Ingia kwenye duka lolote la mikate, omba kipande cha mkate wa kawaida wa Toscana, yaani mkoa huu wa Florence, usiweke kitu juu yake, utafune. Hauna chumvi. Kabisa. Wenyewe huuita *pane sciocco*, na neno hilo hilo hulitumia kwa mtu mpumbavu.

Sasa fungua wimbo wa 17 wa Peponi. Babu wa babu yake, Cacciaguida, anamtabiria uhamisho: utaonja jinsi mkate wa wengine ulivyo na chumvi, na jinsi njia ilivyo ngumu kushuka na kupanda ngazi za wengine. Wasomaji wa mbali hudhani chumvi ni machozi. Inawezekana. Lakini mtu wa Florence anayelelewa kwa mkate usio na chumvi, siku ya kwanza ugenini akiuma mkate wa watu ulimi wenyewe humwambia kwamba si kwao. Yeyote aliyewahi kula ugali wa unga wa ajabu ughaibuni anajua habari hiyo bila kufafanuliwa.

Ukihisi njaa zaidi, vibanda vya mitaa hiyo huuza mkate wa lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa na kukatwakatwa. Mpenda matumbo atajisikia nyumbani. Asiyekula nyama isiyochinjwa kwa sheria akae na mkate wake.

8. Malizia Florence kwa sehemu mbili.

Ndani ya kanisa kuu, ukuta wa kaskazini, iko picha ya Domenico di Michelino ya mwaka 1465. Dante ameshika kitabu wazi. Upande mmoja wadhambi wanateremka, nyuma yake mlima wa Toharani, upande mwingine mji wa Florence na kuba lake, kuba ambalo yeye hakuwahi kuliona kwa sababu lilikamilika 1436. Tazama miguu yake imesimama wapi: nje ya ukuta wa mji. Miaka 144 baada ya kufa, hata kwenye picha ya kumheshimu, hawakumrudisha ndani.

Halafu Santa Croce, mwendo wa kama dakika kumi. Nje kuna sanamu yake ya 1865, amekunja uso. Ndani, karibu na kaburi la Michelangelo, kuna kaburi lake kubwa la marumaru la karne ya 19. Ni tupu. Kuingia hulipiwa; kama muda au pesa vimekuishia, iruke hii, usiiruke hatua inayofuata.

9. Siku ya pili, nenda Ravenna.

Treni hupitia Faenza au Bologna, na safari huchukua kati ya saa mbili na tatu.

ONYO: tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge kwenye mashine ndogo ya stesheni kabla ya kupanda. Mimi nilisahau, nikadhani kununua kunatosha. Nililipa faini mbele ya abiria wote, na kosa lilikuwa langu.

Kaburi ni kijumba cheupe kilichojengwa 1780 hadi 1781, mwisho wa mtaa wenye jina lake. Kuingia ni bure na sehemu yote inaitwa eneo la ukimya, kwa hiyo simu izime. Juu ya jeneza kuna maandishi ya Kilatini ya karne ya 14 yanayoishia kwa kuitaja Florence, mama mwenye pendo dogo. Angalia taa inayoning'inia. Mafuta yake yanatoka Toscana, na Florence ndiyo inayoyaleta kila Septemba. Mama mwenye pendo dogo sasa ananunua mafuta.

Nenda na Makumbusho ya Dante ya Ravenna, yako hatua chache kwenye nyumba ya zamani ya Wafransisko. Tafuta sanduku la mbao lisilo na mapambo. Mwaka 1519 Florence ilipata kibali cha Papa Leo X, mtoto wa Florence, kuja kuchukua mifupa. Walipofungua jeneza hawakukuta mtu. Wafransisko walikuwa wametoboa ukuta kutoka upande wao, wakamchukua Dante, wakanyamaza. Mwaka 1677 mtawa mmoja aliiweka mifupa kwenye sanduku hilo na kuandika juu yake ni ya nani, kisha ikasahaulika ukutani mpaka 1865, fundi mwashi alipobomoa na kuikuta. Wakati wa vita, 1944, wakamzika tena bustanini kuepuka mabomu, na kichuguu kile bado kipo kando ya kaburi, na kibao juu yake.

Ukikwama

Tovuti inaonyesha tiketi zimekwisha. Hakikisha uko kwenye tovuti ya makumbusho. Wauzaji wa kati hupandisha bei na kuita kila kitu "ziara ya Dante." Nyumba hii haina foleni za Uffizi, nenda mapema siku ya kazi.

Kiitaliano hujui, Kiingereza kinasuasua. Wenye Kifaransa, hasa ndugu wa Kongo na Burundi, waulize maelezo ya Kifaransa mapokezi kabla ya kuanza kupanda.

Watoto wamechoka. Waonyeshe askari wa Campaldino, wape chupa wamwagie jiwe la uwanjani, basi. Usiwalazimishe hukumu ya Kilatini.

Una nusu siku tu Florence. Fanya hatua ya 4, 5, 6 na 7. Zote ziko mtaa mmoja.

Una siku moja tu Italia yote na unampenda Dante kweli. Nenda Ravenna, acha Florence. Najua watu wa Florence hawatalipenda jibu hili.

Umefika Ravenna na kaburi limefungwa. Usiondoke. Sogea kanisa la San Francesco hapo jirani, ambalo alisomewa misa ya mazishi Septemba 1321. Shuka kwenye ngazi za mbele ya altare, tumbukiza sarafu, taa itawaka: chini kumejaa maji, na samaki wa dhahabu wanaogelea juu ya sakafu ya mosaiki. Jioni rudi kaburini. Kila siku mtu husimama pale akasoma wimbo mmoja kwa sauti, na husomi kwa macho bali unasikiliza. Kengele ikianza kulia, hesabu: ni mara 13, kwa ile tarehe 13 aliyofia.